Msoma Ramani Asiyejua Kusoma

Haya, sogeeni. Mjukuu wangu ametoka kazini, ameshakaa na kalamu yake, na amenionya leo nisizunguke sana. "Babu, watu wanataka kujua ilikuwaje." Nitajaribu. Nikipotea njia mnivumilie, ndiyo maradhi yangu.

Kwa ambaye wiki jana gazeti lilimpita, nimweke sawa. Mimi ni fundi viatu mstaafu, mke wangu amefariki, naishi peke yangu chumba cha nyuma ya duka lililokuwa langu. Ujanani tulikuwa watatu na gari moja la mashindano, jekundu, milango miwili. Aliyeliendesha tunamwita Kanyaga. Aliyelitengeneza tunamwita Breki. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, kazi yangu kumtajia dereva kona na mashimo kabla hajayafikia. Wakaniita Ramani.

Na wiki jana niliwatobolea siri. Ramani hajui kusoma. Hata jina lake analichora tu, kama mtu anayechora kikombe.

Niliwaambia pia vile gari letu lilivyotumbukia mtoni, miaka thelathini na sita iliyopita. Mvua ilikuwa imesomba daraja. Kabla ya daraja waliweka bango la onyo. Nililiona. Nikadhani ni tangazo la mbegu. Nikasema, "Nyoosha, daraja, kanyaga!"

Kanyaga alivunjika mguu sehemu mbili. Mimi meno matatu. Hospitalini watu walipouliza, Kanyaga akasema breki hazikushika. Wakanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa: ndiyo, breki.

Hivyo ndivyo fundi wetu alivyopata jina. Watu wakaacha kumpelekea magari, akaishia kufunga minyororo ya baiskeli na magurudumu ya mikokoteni. Miaka yote hiyo, mtu akimwita "We Breki!" yeye anacheka na kuitika, na mimi natazama viatu vya watu.

Sasa tuendelee.

Alhamisi moja nimekaa ndani napanga barua. Sizisomi, nazipanga. Tangu mama watoto aondoke zinakuja tu na kulala mezani. Yeye ndiye alikuwa akinisomea, anachana bahasha kwa kidole huku akipika. "Ya maji hii. Hii ya mwanao, anasema mtoto ameota meno." Sasa naziweka kubwa chini, ndogo juu, zinamsubiri mjukuu mwisho wa mwezi. Redio naiacha ikiwaka nikitoka, ili nikirudi nikute mtu anaongea.

Breki akaingia bila hodi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Limewaka," akasema.

"Nini kimewaka? Nyumba?"

"Gari letu, bwana! Lile jekundu."

Nikacheka. Nilijua alilitoa mtoni enzi zile, kwa kamba na ng'ombe wa kuazima. Nilidhani lilishaozea uani kwake.

"Miaka sita naliunga," akasema. "Nilificha, nisije nikachekwa. Kuna mashindano ya magari ya zamani, Jumamosi na Jumapili hii. Kanyaga amekubali. Umebaki wewe."

"Sisi hawa? Kanyaga anatembelea fimbo. Mimi nikiinama, kuinuka ni mpaka kesho."

"Sitaki tushinde. Nataka lifike mwisho, lisimame kwenye mstari, mbele za watu. Nataka mtu mmoja tu aseme zile breki zinashika. Mmoja. Basi, nitakwenda kulala."

Ningesema nini? Nikasema nakwenda. Moyoni nikajiwekea sharti: njiani nitamwambia. Kabla gari halijawashwa kwenye mstari, Breki atakuwa amejua kwamba kosa lilikuwa langu.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Pikapu ya Breki mbele, tela nyuma, gari jekundu juu ya tela limefungwa kama mgonjwa. Breki anaendesha. Kanyaga dirishani, mguu mbovu ameunyoosha. Mimi katikati, gia iko kati ya magoti yangu, kila tukipanda mlima napigwa paja.

"Ramani, tupite wapi?" akauliza Breki kwenye njia panda.

Palikuwa na kibao kikubwa, mishale na maneno.

"Uliza dereva, mimi nimepumzika."

"Mvivu huyu," akasema Kanyaga. "Kulia." Hakugeuka hata kuniangalia.

Nikajaribu kuanza. "Breki, unajua ile siku ya mtoni..."

"Subiri kwanza, nasikia tela linalia." Akasimamisha gari, akashuka, akagonga gurudumu. Halikuwa na kitu. Akarudi. "Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema jua kali."

Kituo cha mafuta nikabanwa. Umri huu kibofu ndicho kinachopanga safari. Nikaingia chooni, nikavuta mlango ukafunga. Nilipotaka kutoka, kitasa kikabaki mkononi.

Nikagonga. Nikaita. Humo ndani kumebanana kama ndani ya kiatu. Nje nasikia wanacheka.

"Ramani!" sauti ya Breki. "Si wameandika hapa mlangoni, tena kwa herufi kubwa, USIFUNGE MLANGO, KITASA KIBOVU?"

"Miwani yangu iko kwenye gari!"

"Miwani gani? Wewe tangu lini una miwani?"

Nikasikia bisibisi inaingia kwenye skrubu, taratibu, huku anapiga mluzi. Mlango ukafunguka, na yeye kasimama pale, jasho linamtoka, anacheka.

"Mzee mwenzangu, nikifa nani atakutoa chooni?"

Nilitaka kumwambia palepale. Lakini mtu anaanzaje maneno kama hayo na suruali haijafungwa vizuri? Nikamshika bega. Akadhani namshukuru.

Tulifika mchana. Uwanja mkubwa, magari ya kila rangi, watu wamevaa kofia za zamani, wanapigana picha. Chumba tulichopewa kulala kilikuwa na vitanda vitatu na dirisha moja lisilofunguka. Kwenye meza ya usajili alikaa dada mmoja mchangamfu.

"Karibuni, babu zangu! Nani dereva? Nani msomaji?"

Msomaji. Ndivyo alivyosema. Kanyaga akanisukuma mbele.

Nikachora jina langu. Akanipa bahasha nene imebandikwa gundi.

"Hiki kitabu cha njia. Usifungue mpaka kesho kwenye mstari. Ukifungua mapema mnatolewa."

"Na kuipita njia kwanza? Kuitazama?"

"Hairuhusiwi, babu. Kila kitu kimeandikwa humo ndani. Kusoma tu!"

Enzi zetu tulipewa wiki nzima ya kuizungukia njia. Mimi nilikuwa na daftari, nachora. Kona kali, nachora kuku. Shimo, nachora sufuria. Daraja, kitana. Siku ya mbio namtajia dereva mambo kama mtu aliyezaliwa na kitabu mkononi. Sasa wameniwekea maneno matupu kwenye bahasha.

Nikaiweka kwapani, nikawafuata kwenye ukaguzi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtangazaji alikuwa juu ya jukwaa na kipaza sauti, anayatambulisha magari moja moja. Kumbe naye anaijua hadithi yetu.

"Na hili, mabibi na mabwana, ndilo lile lililokatika breki likaingia mtoni! Na fundi wake ni huyu hapa, mpaka leo anaitwa nani? Breki!"

Uwanja mzima ukacheka. Breki akapunga mkono, akacheka nao. Lakini nilikuwa karibu. Niliona shingo yake ilivyoingia mabegani.

Mkaguzi, mwanamume mrefu mwenye ubao wa kuandikia, akainama kutazama gurudumu.

"Breki amefunga nani?"

"Mimi," akasema Breki.

Mkaguzi akakohoa. "Mzee, usinielewe vibaya. Kwa historia ya gari hili, siwezi kupitisha kazi yako. Lazima fundi mwingine afungue, aangalie, afunge upya."

"Lakini nimezifunga juzi. Zijaribu tu. Kaa ndani, kanyaga."

"Ndiyo utaratibu, mzee."

Kanyaga alikuwa pale pale, kaegemea fimbo. Akatazama mawingu.

Wakamwita fundi mwingine, umri wa mwanangu wa mwisho. Akafungua magurudumu yote manne. Breki akasimama kando, kitambaa mkononi, anajifuta mikono ambayo ilikuwa misafi. Yule fundi akazungusha, akachungulia, akagonga, akafunga. "Ziko sawa," akamwambia mkaguzi, na mkaguzi akaandika. Breki hawakumwambia kitu.

Nilimkuta nyuma ya tela, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa chini, mgongo kwenye gurudumu.

"Wewe fundi mzuri," nikasema. "Nimekujua maisha yangu yote."

"Fundi mzuri hamvunji mwenzake mguu."

"Sikiliza, kuna jambo..."

"Ngoja nikuambie, maana sijawahi kumwambia mtu." Alikuwa anakikunja kile kitambaa, anakikunjua. "Kila siku nikilala nazifunga zile breki upya kichwani. Gurudumu la kwanza, natoa upepo kwenye mafuta ya breki, nakaza. La pili, natoa upepo, nakaza. La tatu. La nne. Miaka thelathini na sita natafuta nati niliyoisahau, siioni. Lazima kuna moja. Breki haziachii bure. Watoto wangu waliacha shule kwa sababu wateja walikimbia, na mimi nilikuwa nasema wamefanya haki, mimi mwenyewe nisingejiletea gari."

Jamani. Nilidhani amebeba jina tu. Kumbe alilimeza kabisa. Nilidhani moyoni anajua hana kosa, anatucheka sote. Kumbe aliniamini nilipotikisa kichwa.

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Kikatoka kitu kama kikohozi.

"Usilie, Ramani," akasema. "Ni zamani."

Akainuka kwenda kupanguza vioo. Nikabaki pale chini na bahasha yangu. Watu walipita na vikombe vya chai, wanapiga soga, wanaitana. Uwanja ulijaa watu, na mimi nilikuwa kama ile redio yangu, inaongea chumbani na hakuna wa kuijibu.

Jumapili asubuhi tukapanga mstari. Magari yanaachiwa moja moja, kila baada ya dakika mbili. Sisi wa tano. Nimevaa kofia ngumu inayonibana masikio, mkanda kifuani, bahasha mapajani. Kanyaga amekamata usukani, uso umerudi ujana kabisa. Breki yuko mbali kidogo, nje ya kamba, na wale mafundi wengine.

"Fungua," akasema Kanyaga.

Nikachana gundi. Ukurasa wa kwanza mishale michache, na kando ya mishale maneno. Mishale niliielewa. Maneno yalinitazama, nikayatazama.

Gari la kwanza likaondoka. Tukasogea.

"Kanyaga," nikasema. "Sijui kusoma."

Aliendelea kutazama mbele.

"Sikujua tangu zamani. Lile bango la darajani nililiona nikashindwa kulisoma. Breki zilikuwa nzima. Ulipoliona shimo ulikanyaga umeshachelewa, ukadhani hazishiki. Mimi ndiye niliyekuingiza mtoni, na leo namwambia Breki, kabla hatujaondoka."

Gari la pili likaondoka. Tukasogea.

"Usimwambie," akasema Kanyaga.

"Nimechoka. Nitamwambia kosa ni langu, wewe hutaguswa."

"Nitaguswa." Akashusha sauti. "Ramani, fikiri kidogo. Ukimwambia palikuwa na bango, atauliza nini? Ataniuliza mimi: na wewe, huna macho?"

Hapo nikamgeukia. Ndugu zangu, miaka thelathini na sita sikuwahi kujiuliza hilo. Kwetu dereva haangalii mabango. Dereva anaangalia barabara na kusikiliza. Macho ya kusoma ni ya mwenzake wa pembeni. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilibeba zigo lote nikiamini hivyo.

"Uliliona?"

"Nililisoma. Neno kwa neno. Daraja limesombwa, pita kushoto."

"Na ukaenda?"

"Yule wa mbele yetu nilikuwa nimeshaona taa zake za nyuma. Nikasema ni waoga tu hawa walioweka bango, juzi daraja lilikuwa zima, hata kama limevunjika kidogo tutaruka." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea na mguu wake. "Sikugusa breki, Ramani. Zilikuwa pale, sikuzigusa."

Gari la tatu likaondoka. Tukasogea. Mikono yangu ilikuwa imeshika kitabu kama sahani ya moto.

"Na mimi je? Ulijua kwamba sisomi?"

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko. "Ulikuwa unachora kuku, bwana. Nani anaandika kona kwa kuku? Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Na ukaniacha nikae hapa?"

"Ndiyo maana nilikuchagua. Msomaji anayesoma angenizuia kila mahali. Wewe ulikuwa unasema kanyaga, na mimi ndicho nilichotaka kusikia."

Sikia hiyo. Ujana wangu wote niliudhani ni urafiki. Nilijisifia kwa mke wangu, nikamwambia, wako watu wawili duniani wananiamini maisha yao. Kumbe mmoja alinipenda kwa ujinga wangu, na mwingine nikamwangamiza kwa kutikisa kichwa. Nilikaa kwenye gari hilo, bega langu linagusa bega lake, na sijawahi kuwa peke yangu kama pale. Hata siku ya kumzika mama watoto sikuwa hivyo.

Gari la nne likaondoka. Mbele yetu ulibaki mstari mweupe na mwenye bendera.

"Nisikilize," Kanyaga akanong'ona haraka. "Tumalize kwanza. Mimi nitasoma hivyo vibao mwenyewe, wewe shika kitabu tu. Mwishoni nitakanyaga breki mbele ya jukwaa zima, zishike, watu waone. Si ndicho anachotaka? Mtu mmoja aseme zinashika? Nitasema mimi, kwenye kipaza sauti. Atafurahi. Atalala. Mtoni tupaache."

Na nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeapa kuwaambia ukweli humu: nilishawishika. Nilimwona Breki kwenye jukwaa, anapigiwa makofi. Nilijiona nyumbani, barua zangu, redio yangu, hakuna aliyenichukia. Nilianza kutikisa kichwa. Ndiyo. Shingo ileile, namna ileile.

Wakati huohuo mkono ukagonga kioo changu.

Alikuwa Breki. Ameinama chini ya kamba, walinzi wanamkemea, naye anawapungia kama anafukuza nzi. Nikateremsha kioo. Akaingiza kichwa chote ndani.

"Nimeshindwa kukaa kule," akasema. "Yule kijana alizifungua jana, sijui amezikaza vipi. Kanyaga, hebu bonyeza."

Kanyaga akabonyeza pedeli.

"Zimeshika?"

"Zimeshika, bwana, nenda."

Breki hakumtazama. Alinitazama mimi, uso wake karibu kabisa na wangu, nywele zote nyeupe, macho yana wasiwasi kama ya mgonjwa anayesubiri daktari.

"Huyu angesema zimeshika hata kama zimebaki nyumbani," akasema. "Sema wewe, Ramani. Wewe ndiye nakuamini. Zimeshika?"

Mwenye bendera akainua mkono. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Tano.

"Mzee, toka hapo!" mlinzi akapiga kelele.

Nne.

"Ramani," Kanyaga akasema polepole, bila kufungua meno. "Tumeelewana."

Tatu.

Nikanyoosha mkono, nikazungusha ufunguo. Injini ikakata.

Uwanja wote ukaguna. Nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Bendera ikashuka, na sisi tumekaa. Kanyaga akanikamata kifundo cha mkono, ananiminya mpaka mfupa unauma, na Breki bado kichwa chake kiko dirishani, hajui amtazame nani.

"Kuna nini?" akauliza. Akatazama pedeli. "Jamani, kuna nini? Ni breki zangu?"